Kompyuta ilisema kweli, watu wakasikia vingine!

Kama umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi, leo vuta kiti usogee karibu, maana mada yangu inakuhusu wewe, inanihusu mimi, na inawahusu watu 290 waliopanda ndege kwenda Dubai na hawakufika.

Najua utasema, "Huyu naye leo kapatwa na nini? Harusi na ndege wapi na wapi?" Subiri kidogo, utaona.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana binti wa mama yangu mdogo alipata mchumba, ndugu tukaunda kamati. Siku hizi kamati bila grupu la WhatsApp haijakamilika, basi na sisi tukafungua letu, watu arobaini na kitu. Humo ndani michango inaorodheshwa, kadi zinajadiliwa, rangi ya sare inagombaniwa mpaka saa sita usiku. Ukumbi ulishachaguliwa, kilichobaki ilikuwa kulipa nusu ya pesa.

Jioni moja nikiwa kwenye daladala nikapita mbele ya ukumbi wenyewe. Lo! Paa limeezuliwa, mafundi wako juu, mchanga umemwagwa hadi mlangoni. Nikaandika kwenye grupu: "Jamani, nimepita pale ukumbini, naona wanabomoa." Kumbe dakika hiyo hiyo shangazi katangaza mchango wake mnono. Zikafuata "hongera" kibao, maua, mioyo na vikatuni vinavyocheza, ujumbe wangu ukafukiwa mzima mzima.

Kesho yake kikaoni Baba Mkubwa, ambaye ndiye mwenyekiti, akauliza, "Kuna mwenye neno kuhusu ukumbi?" Wazee kimya. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu. Nani mimi, mtoto wa juzi, elimu yenyewe ya sekondari basi, nisimame mbele ya watu wazima? Nikajipa moyo kwamba grupu wamesoma, labda wanajua nisilolijua. Pesa ikalipwa. Wiki mbili baadaye mwenye ukumbi akatuambia ukarabati utachukua miezi mitatu. Kurudishiwa pesa yetu ikawa hadithi ya paukwa pakawa.

Sasa angalia hapo. Taarifa ilikuwepo. Simu arobaini zilikuwa nayo. Na bado uamuzi ulifanywa kana kwamba haipo. Jambo hili limewaumiza vichwa wataalamu wa kompyuta na wanasaikolojia kwa zaidi ya miaka 30: inakuwaje kundi la watu lina chombo kizuri, ukweli uko ndani yake, na bado linaamua vibaya? Kisa kilichowasukuma kulitafutia jibu si cha kucheka hata kidogo.

JUMAPILI YA GHUBA

Ilikuwa Jumapili, tarehe 3 Julai 1988. Iran na Iraq walikuwa vitani tangu 1980, na manowari za Marekani zilikuwa zikizunguka katika Ghuba kulinda meli za mafuta. Saa 4:17 asubuhi kwa saa za Iran, ndege ya Iran Air, safari namba 655, iliruka kutoka Bandar Abbas kwenda Dubai. Ilikuwa Airbus A300, ndege ya abiria kama zile zinazobeba wafanyabiashara wetu wa nguo na simu. Safari yenyewe ni fupi, kama nusu saa tu, unavuka maji unashuka. Ndani walikuwemo watu 290, na watoto walikuwa 66. Ndege ilikuwa imechelewa kuondoka kwa dakika 27. Shika hilo la kuchelewa, tutalirudia.

Chini yake, majini, manowari USS Vincennes ilikuwa ikipigana na boti ndogo za Iran. Hii haikuwa meli ya mchezo. Ilikuwa na mtambo wa rada na kompyuta unaoitwa Aegis, mmoja wa mitambo bora kabisa ya vita duniani kwa wakati ule. Ndani kabisa ya meli kuna chumba cha kuongozea mapigano. Hebu kipige picha: giza, mizinga inatikisa kuta, kila mtu ana skrini yake na kisikilizio sikioni, sauti zinapishana. Mmoja akatoa taarifa kwamba kilichoruka Bandar Abbas huenda ni F-14, ndege ya kivita. Neno likapita sikio hadi sikio.

Dakika saba tu baada ya ndege kuruka, makombora mawili yakafyatuliwa. Hakupona hata mmoja. Mwaka 1996 Marekani ilikubali kulipa dola milioni 131.8 ili kesi iliyofunguliwa na Iran kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki imalizwe, na kati ya hizo dola milioni 61.8 zilikuwa za familia za marehemu. Lakini pesa haimrudishi mtoto.

SKRINI HIVI, MDOMO VILE

Sasa sikia kilichowashangaza wachunguzi. Kompyuta za meli zilikuwa zikirekodi kila kitu. Kanda zilipofunguliwa, zilionyesha ndege inapanda, imeshavuka futi 12,000, ikiwa katika njia ya kawaida ya ndege za abiria, na kifaa chake kikijibu rada kwa namba ya ndege ya kiraia. Lakini ndani ya chumba kile watu walikuwa wakiripoti kwamba inashuka na kuielekea meli kama inayotaka kushambulia. Mashine inasema "inapanda", midomo inasema "inashuka"!

Usikimbilie kusema walikuwa wajinga. Sababu zilikuwa nyingi, na kila moja ukiitazama utaona ni ya kibinadamu.

Kwanza, zile skrini kubwa za mbele zilionyesha kitu kiko wapi na kinaelekea wapi, lakini hazikuonyesha kiko juu kiasi gani. Kimo cha ndege kilisomeka kwa tarakimu kwenye kijiskrini kidogo. Ukitaka kujua inapanda au inashuka, ukumbuke tarakimu ya mwanzo, usome ya sasa, upige hesabu kichwani, huku mizinga inalia.

Pili, mambo ya namba. Kompyuta iliipa ndege ile namba 4474. Baadaye meli mbili zilipobadilishana taarifa, ikabadilishiwa namba ikawa 4131, na ile ya zamani ikaenda kwa ndege nyingine ya jeshi la Marekani iliyokuwa mbali huko. Wapo wachambuzi wanaoamini kwamba watu wengine chumbani waliendelea kuulizia 4474, na wakajibiwa habari za ndege nyingine kabisa, ambayo kweli ilikuwa inashuka.

Tatu, kijana mmoja alifungua ratiba ya ndege za abiria ili ahakikishe. Chumba giza, taa zinacheza, na ndege yenyewe imechelewa. Hakuiona.

Nne, na hili ndilo linalonichoma mimi, palikuwa na sauti iliyosema kweli. Ofisa mmoja alitamka kwamba huenda hiyo ni ndege ya raia. Nahodha, Will Rogers, aliinua mkono kuonyesha kasikia. Basi, likaishia hapo. Sauti moja ikafukiwa na sauti nyingine nyingi, sawasawa na ujumbe wangu chini ya rundo la "hongera". Halafu palikuwa na manowari nyingine ya Marekani jirani, USS Sides. Kamanda wake, David Carlson, aliandika mwaka uliofuata kwamba yeye aliitazama ndege hiyo hiyo akaona si tishio. Kwa hiyo ukweli ulikuwa umesambaa: kidogo kwenye kanda, kidogo kwenye meli ya pili, kidogo mdomoni mwa ofisa mmoja. Hakuna aliyeukusanya.

Na hofu je? Mwaka mmoja tu nyuma, Mei 1987, manowari USS Stark ilipigwa na makombora ya ndege ya Iraq katika Ghuba hiyo hiyo, wakafa wanamaji 37. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Watu wa Vincennes walikuwa wanategemea kuona nyoka, na kila unyasi uliotikisika wakauona nyoka. Ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na Admirali William Fogarty ilitaja msongo na jinsi watu walivyopindisha taarifa bila wenyewe kukusudia.

WATAALAMU WAINGIA KAZINI

Oktoba 1988 wanasaikolojia waliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani waeleze inakuwaje watu waliofunzwa, wenye mtambo wa mabilioni, wanaona kisichokuwepo. Mwaka 1990 jeshi la majini likaanzisha utafiti uliopewa jina la mkato TADMUS, yaani utafiti wa kufanya uamuzi wa vitani watu wakiwa kwenye msongo. Kazi ikagawanywa. San Diego, California, walishughulika na skrini na programu za kusaidia uamuzi. Orlando, Florida, wakashughulika na mafunzo ya timu. Matokeo yake yalikusanywa kwenye kitabu kikubwa cha mwaka 1998 kilichohaririwa na Janis Cannon-Bowers na Eduardo Salas.

Watu wa programu walianzia kwenye jambo moja. Mtafiti Gary Klein alikuwa amewafuatilia makamanda wa zimamoto akagundua kwamba mzoefu hakai kulinganisha njia tano ndipo achague moja. Anatazama moto, anasema moyoni "huu naufahamu", anaamua. Mara nyingi anapatia. Hatari ni pale anapoutambua vibaya mwanzoni, maana kila taarifa inayokuja baadaye ataigeuza ifanane na alichokwisha kuamini.

Kwa hiyo programu iliyotengenezwa San Diego haikumwamulia kamanda chochote. Ilifanya vitu viwili rahisi. Badala ya tarakimu za kukariri, ilichora mwendo wa ndege kwa mstari, unaona kwa jicho kwamba inapanda au inashuka tangu ilipoanza. Pia ilimwekea kama mizani: huku taarifa zinazoonyesha kuwa ni adui, huku zinazopinga, na pembeni mambo ambayo unayadhania tu bila ushahidi. Yaani mashine inamwambia, "Bosi, unachoamini ni hiki, lakini usisahau na hiki hapa kinachokataa."

Mimi nilipojua hilo nilicheka peke yangu. Fikiria kamati yetu ingekuwa na karatasi ya namna hiyo ukutani! Upande mmoja: "Ukumbi upo, bei nzuri, karibu na kanisa." Upande wa pili: "Binti kasema wanabomoa." Hata asiyenijua angeuliza.

MKUBWA AANZE KUJIKOSOA

Lakini watafiti hawakuishia kwenye skrini. Walijua kwamba ukiwapa watu waoga chombo kipya, unapata watu waoga wenye chombo kipya. Ndiyo maana Orlando waliwaweka wanamaji mbele ya kompyuta zilizounganishwa, wakawachezesha vita vya kuigiza, halafu baada ya mchezo kumalizika kazi ndiyo ikaanza.

Zamani mkufunzi alikuwa anasimama na kuwasomea makosa yao tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, wanaitikia "ndiyo mkuu", wanaondoka. Utaratibu mpya uligeuza kibao. Timu inajikosoa yenyewe, kwa mambo manne: Tulipeana taarifa? Tuliziwasilisha kwa lugha fupi inayoeleweka? Tulisaidiana mwenzetu alipozidiwa? Nani aliongoza na kuchukua hatua? Mkufunzi anauliza, kisha ananyamaza, anasubiri. Na kiongozi anatakiwa aanze kwa kutaja kosa lake yeye mwenyewe. Umeisoma hiyo? Mkubwa akisema "mimi nilikosea hapa", mdogo naye mdomo unafunguka.

Kingine walichofundisha: kiongozi awe anatoa muhtasari mfupi kila baada ya muda, "jamani hali ndiyo hii, mimi naiona hivi." Na walio chini yake wasingoje kuulizwa, wakiona kitu wakipeleke. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba timu zilizofundishwa hivyo zilifanya kazi vizuri zaidi kuliko zisizofundishwa. Mwaka 2008 ukatoka utafiti mwingine, wa mabaharia wa nyambizi, na wale waliojikosoa kwa utaratibu huu walielewana zaidi kazini na kuifanya vizuri zaidi.

MPAKA IFAKARA

Usidhani haya ni mambo ya wazungu na manowari zao. Mawazo ya namna hii yameshafika mpaka Morogoro kwetu. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu karatasi yenye vipengele 19 kwa ajili ya vyumba vya upasuaji, katika hospitali nane za miji minane. Kulikuwa na London, Toronto, New Delhi na mingineyo, na mmoja ulikuwa Ifakara. Karatasi hiyo inataka timu isimame kidogo kabla ya kisu kugusa ngozi. Kila mmoja ataje jina lake na kazi yake. Wahakikishe mgonjwa ndiye, na sehemu ya kupasuliwa ndiyo. Daktari, wa usingizi na muuguzi, kila mmoja aseme analoliogopa.

Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi tu, jamani! Kwani kutaja jina kunasaidia nini? Kunasaidia kwa sababu muuguzi aliyekwisha kufungua mdomo mara moja, mara ya pili haimpi tabu.

Ila usishangilie haraka. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Canada, ambako karatasi hiyo ilifanywa ya lazima. Vifo havikupungua kwa kiasi cha kujivunia. Wataalamu wanabishana kuhusu sababu, lakini wengi wanataja hii: kuweka alama ya vema kwenye kisanduku ni rahisi, kusikilizana ndiko kugumu. Chombo ni kile kile. Kwa wengine kimefungua midomo, kwa wengine kimekuwa fomu ya kujaza tu.

TURUDI KWENYE HARUSI YETU

Najua harusi si vita, na pesa ya ukumbi si roho ya mtu. Siwezi kulinganisha machozi yangu na ya mama wa Bandar Abbas. Lakini kamati hizi hizi ndizo zinazoamua mgonjwa apelekwe hospitali gani, shamba la marehemu ligawanywe vipi, mtoto aende shule ipi. Siku hizi yote haya yanaamuliwa kwenye grupu, katikati ya maua na mioyo. Iko siku ujumbe utakaofukiwa ni ule wa mtu anayejua dawa gani inamdhuru bibi.

Baada ya kuukosa ukumbi tulikutana tena nyumbani kwa Baba Mkubwa. Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza kama kawaida yangu. Mzee akakohoa, akasema, "Wanangu, mimi nimekosea. Niliuliza kuna mwenye neno, lakini niliuliza huku kalamu ya kusainia nimeshaishika." Wote tukacheka, kisha kikawa kimya cha ajabu. Mimi nikapata nguvu. Nikasema, "Shikamoo Baba Mkubwa. Mimi niliuona ukumbi unabomolewa, nikaandika, halafu hapa nikaogopa kusema. Naomba mnisamehe." Akanitazama. "Marahaba. Ulituogopa sisi?" Nikajibu ndiyo. Akasema, "Basi kosa ni letu wawili."

Tangu siku hiyo kamati ina sheria tatu. Jambo la pesa haliamuliwi kwenye grupu la soga, lina grupu lake, na humo "hongera" ni marufuku. Kabla ya kulipa, mwenyekiti anazunguka mmoja mmoja, akianzia kwa mdogo, na swali lake ni moja: "Wewe unajua nini ambacho sisi hatukijui?" Na mkubwa anasema la mwisho, maana akitangulia yeye, sisi wengine tunabaki kuitikia tu.

Harusi ilifungwa kanisani, sherehe tukaifanyia kwenye uwanja wa shule ya msingi, chini ya maturubai. Mvua ilinyesha kidogo, pilau lilikuwa tamu, bibi harusi alicheza mpaka viatu vikamshinda. Turubai la upande wa jikoni lilikuwa na tundu. Aliyeliona ni mpwa wangu wa miaka 11, na safari hii alisema mapema, likashonwa.

Mpenzi msomaji, usiku wa leo fungua grupu lako la familia, panda juu polepole, upite maua na mioyo. Yawezekana kuna mtu alishasema na hakuna aliyemjibu. Mjibu.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.